SOMO: MHINA KWENYE UA WA KIKUNDI



Kiangazi cha Januari hadi Machi kikipiga huku kwetu Kilifi na Malindi, mahindi hukauka na hata mchicha hutushinda kumwagilia. Mhina hubaki kijani. Tena hutoa maua meupe ambayo unayanusa kabla hujaufikia mti. Wengi tunauona uani kwa jirani, lakini kuuhesabu kuwa mali, hilo bado.

Mbegu zake ni ndogo mno na ni mvivu kuota. Tumieni vipandikizi: tawi lililokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shibiri moja na kidogo. Pandeni masika yakianza, mahali penye jua, si chini ya mwembe. Mwagilieni miezi ya kwanza tu, baadaye mizizi hujitafutia. Mwaka wa kwanza msichume. Ukishashika, kila ukikatwa unazidi kuchipua, ila matawi ya zamani yana miiba.

Sasa hapa ndipo pesa hupotea. Nilitembelea kina mama fulani waliochuma magunia mawili wakaanika juani kama makopa. Majani yakawa rangi ya tumbaku. Mnunuzi alisaga kidogo, akakanda, akapaka kiganjani. Alipoosha, rangi ilikuwa hafifu kama chai ya maziwa. Akaenda zake, na kazi ya miaka miwili ikaenda naye. Hina huanikwa kivulini, penye upepo, ikauke ikiwa bado kijani. Kisha isagwe, ichekechwe na kufungwa pasipoingia unyevu wala mwanga.

Wateja huwa wengi karibu na Idi na harusi. Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo waulizeni majirani Waislamu kabla ya kupanga siku ya kuchuma.

Msichanganye na piko ili iwe nyeusi. Ile ni dawa ya nywele, huweza kuunguza ngozi hadi malengelenge. Na mtoto mchanga asipakwe hina: wako wanaorithi hitilafu ya damu, na hina huweza kuvunja damu yao.

Maswali ya kujadiliana:

Nani atakayeshika pesa za mauzo?

Mhina huishi miaka mingi. Tukiupanda kwenye kiwanja cha mwanachama mmoja, naye akahama au akafariki, ua huo ni wa nani? Andikeni jibu kwenye daftari la kikundi kabla ya kuchimba shimo la kwanza.