Jino Likilowa Mate, Gundi Haishiki

Kutoka Mwello, mashariki mwa Uganda, kuziba jino ni safari ya kwenda Tororo mjini au kuvuka hadi Busia, na siku ya kazi imekwenda. Ndiyo maana inauma dawa ya kuziba ikidondoka baada ya miezi michache. Wengi hulaumu dawa. Huenda chanzo ni mate.

Dawa nyeupe, ile inayofanana na jino, haishiki peke yake. Daktari hupaka kwanza asidi ya fosforasi kwa sekunde 15 hivi, kisha huisuuza. Asidi huacha kwenye enameli vitundu visivyoonekana kwa macho. Gundi inayoshikilia dawa hupenya humo, na ikimulikwa kwa taa ya buluu huganda ikiwa na mizizi ndani ya jino. Mmarekani Michael Buonocore ndiye aliyeieleza njia ya asidi mwaka 1955.

Sasa tone moja la mate likipita hapo kabla ya gundi, protini zake hutanda na kuziba vile vitundu. Kupuliza hewa hukausha maji tu. Utando wa protini unabaki, na jino linaonekana kavu kumbe sivyo. Daktari makini husuuza na kupaka asidi tena. Damu ya fizi huharibu vilevile, hivyo fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza.

Uliza kabla hajaanza: mate yatazuiwaje? Kinga bora ni kitambaa cha mpira kinachozunguka jino. Kikikosekana, zitumike pamba zinazobadilishwa kila zikilowa, pamoja na mrija wa kunyonya mate. Nawe pumulia puani, ulimi utulie, usifumbe mdomo ili umeze. Ukihisi mate yamejaa, inua mkono. Usione haya, kunyamaza ndiko kunakogharimu.

Je, umeme ukikatika, au shimo likiwa karibu na fizi ambapo pakavu hapapatikani? Ulizia saruji ya glasi ionoma, inayoshikana na kalsiamu ya jino na kuvumilia unyevu zaidi. Ndiyo iliyoenea pamoja na mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila umeme, iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Hata hiyo huharibika ikiguswa na mate kabla ya kuganda, kwa hiyo pamba ni lazima.

Ukitoka, ulimi ukikwama ukingoni mwa dawa au maji baridi yakizidi kuuma siku hadi siku, rudi mapema, kabla uozo haujaingia chini yake.