NANI ATAMSEMEA MTOTO KORTINI?

Mwalimu mlezi wa chama chetu alituambia kila mmoja aandike juu ya kazi ambayo angependa kuifanya baada ya masomo. Wenzangu wengi wamechagua udaktari na urubani. Mimi nimechagua kazi ambayo baadhi yenu mtaicheka: uwakili wa watoto. Si wakili wa wezi wala wa kesi za mashamba, la, wakili wa mtoto asiyeweza kumlipa hata senti.

Chanzo ni kijana wa miaka 11 katika ploti yetu. Nitamwita Juma, ingawa hilo si jina lake. Mama yake alipofariki, mamake mdogo alimchukua Juma, naye nyanya yake mzaa baba akamchukua dadake wa miaka 6. Baadaye kila upande ukawadai watoto wote wawili, mambo yakafika kortini. Mamake mdogo alikuwa na wakili. Nyanya alikuwa na wakili. Juma alikuwa na yunifomu iliyopigwa pasi, basi.

Siku hiyo niliwasindikiza kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Sikuingia ndani, maana mahakama ya watoto si baraza la chifu. Huingia wanaohusika tu. Tulipokuwa tukingoja kwenye benchi, Juma aliniuliza, "Kaka, mimi wataniuliza saa ngapi?" Nilinyamaza kama maji mtungini. Kumbe jibu lilikuwamo katika sheria!

Hebu tuitazame. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa yake ndiyo ya kutangulizwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inataka mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake, nayo yapimwe kulingana na umri na ukomavu wake. Isitoshe, mtoto akiletwa bila wakili, korti inaweza kuamuru apatiwe mmoja. Huyo si afisa wa watoto. Afisa huichunguza hali ya nyumbani na kumwandikia hakimu ripoti, ilhali wakili humsemea mtoto mwenyewe. Wengi huwachanganya wawili hawa, hata mimi niliwachanganya.

Si lazima msemaji awe mwanasheria kila mahali. Huko Marekani, mjini Seattle, jaji David Soukup alichoka kuamua maisha ya watoto akiwa na habari chache mno kuwahusu. Mwaka wa 1977 akaanza kuwatumia raia wa kawaida waliojitolea, wamjue mtoto vizuri kisha waje kumweleza jaji. Mpango huo ukaenea nchini humo.

Turudi kwa Juma. Korti ilimpatia wakili, mama mmoja mpole, akaja plotini mara mbili. Haya alinisimulia Juma mwenyewe. Mara ya kwanza aliulizwa, "Unataka kukaa na nani?" Akajibu, "Yeyote." Majirani waliposikia wakasema kijana ana kiburi. Mara ya pili wakili hakuuliza habari ya kukaa. Aliketi juu ya ndoo, akamwomba amwelezee siku yake tangu anapoamka. Alipofika kwenye chai ya asubuhi, Juma akasema kuwa andazi lake hulikata vipande viwili, kimoja hukiweka mfukoni cha dadake, halafu jioni hukitupa. Wakili akaandika kwa muda mrefu.

Nimejiuliza sana: je, mtoto akitaka kurudi kwa mzazi anayempiga? Wakili ataenda kusema hivyo kweli? Naona hapo ndipo kazi ilipo ngumu. Hakimu sharti aambiwe mtoto anataka nini, bila kufichwa, lakini kutaka si kuamua. Hakimu ataweka matakwa hayo kwenye mizani pamoja na usalama wake. Kosa ni kumwamulia mtoto kama vile anagawa mbuzi.

Kesi iliisha mwezi wa Julai. Hakimu aliamua watoto wasitenganishwe, wakae kwa nyanya, na mamake mdogo awaone. Jumamosi huja wote wawili plotini. Juma hunyolewa, dadake hukalia ile ndoo akila andazi zima.