SOMO LA WIKI: Foku ya shokapu inaweza kula faida ya baiskeli nzima

MFANYABIASHARA wa baiskeli za mlima zilizotumika hukagua kwanza rangi, matairi na gia. Foku ya mbele yenye shokapu huibonyeza mara moja tu. Ikilala na kurudi, analipa. Hapo ndipo faida nyingi hupotelea. Foku ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa kabisa katika baiskeli ya aina hiyo, na ikiharibika haizibwi kwa kiraka.

Kwa mwenye mtaji mdogo, swali si foku ipi ni bora kuliko zote. Swali ni foku ipi itauzika, itatengenezeka, na haitamrudisha mteja dukani na malalamiko.

Bidhaa inayobadilika haraka

Biashara ya foku hizi ilipanuka baada ya kampuni ya RockShox ya Marekani kutoa foku ya RS-1 mwaka 1989. Mwaka uliofuata Greg Herbold aliitumia kushinda mbio za kuteremka mlima katika ubingwa wa dunia uliofanyika Durango, Colorado. RS-1 ililala chini ya milimita 50. Leo foku za mbio hizo hufikia milimita 200.

RockShox iliuza hisa zake kwa umma katika soko la NASDAQ mwaka 1996. Mwaka 2002 ilinunuliwa na kampuni ya SRAM. Fundisho kwa mwekezaji ni kwamba katika bidhaa hii kuwa wa kwanza hakutoshi. Vipimo hubadilika, na aliyejaza ghala kwa vipimo vya zamani hubaki navyo. Foku nyingi mpya za bei ya juu sasa hutengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27.5 na 29, wakati baiskeli nyingi zilizotumika bado ni za inchi 26.

Aina za kuzijua

Foku ya springi ya chuma ni nzito, lakini haihitaji upepo na huvumilia uzembe. Foku ya upepo ni nyepesi, na hurekebishwa kulingana na uzito wa mpandaji. Hata hivyo huhitaji pampu yake maalumu ya presha, na sili zake zikichakaa upepo hutoka, foku ikalala chini. Aina ya tatu, iliyoenea miaka ya 1990, hutumia vipande vya mpira maalumu badala ya springi. Vipande hivyo huzeeka, hukauka au kumomonyoka. Baiskeli yenye foku hiyo inunuliwe kwa bei ya baiskeli isiyo na shokapu.

Ipo pia foku ngumu, isiyolala kabisa. Wengi huidharau, lakini kwa mteja anayebeba mzigo au anayekwenda kazini kila siku ndiyo yenye gharama ndogo. Haina oili wala sili. Shokapu iliyoganda haina faida yoyote juu ya foku ngumu. Imebaki uzito tu.

Vipimo vinne kabla ya kununua

Foku isiyoingia kwenye fremu ni mali iliyokufa. Mnunuzi apime mambo manne.

La kwanza ni bomba la usukani. Baiskeli za zamani nyingi hutumia inchi 1 au inchi 1 na moja ya nane. Nyingi za kisasa ni nene zaidi chini, inchi 1.5, na hizo haziingii kwenye fremu ya zamani. Urefu wa bomba nao upimwe, kwani likikatwa fupi haliungwi.

La pili ni ukubwa wa gurudumu. La tatu ni breki: foku nyingi mpya zina sehemu ya kufungia breki za diski pekee, hazina vishikizo vya breki za rimu. La nne ni urefu wa foku. Fremu iliyoundwa kwa shokapu ya milimita 80 ikiwekewa ya milimita 150, pua huinuka, usukani huwa mzito, na shingo ya fremu hubeba nguvu ambayo haikuandaliwa.

Ukaguzi wa dakika tano

Bomba za ndani zinazong'aa ziangaliwe pande zote, hasa nyuma. Mikwaruzo mirefu na kutu hukata sili, na oili huvuja. Sumaku ikinata, bomba ni za chuma. Maeneo ya pwani hushika kutu upesi.

Kisha ishikwe breki ya mbele na baiskeli isukumwe mbele na nyuma. Ikigonga, kwanza zikaguliwe beringi za usukani. Zikiwa nzima, foku yenyewe imelegea ndani. Mwisho, kichwa cha foku na sehemu za kufungia ekseli vikaguliwe kwa nyufa. Foku yenye ufa isiuzwe kwa bei yoyote, kwani ikikatika kwenye mteremko mpandaji huangukia uso.

Hesabu yake

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ananunua baiskeli 10 kwa Sh. 150,000 kila moja, jumla Sh. 1,500,000. Anategemea kuuza kila moja Sh. 190,000 na kupata faida ya Sh. 400,000 kabla ya usafiri na pango. Akifika dukani anagundua foku tatu zimeganda. Kila shokapu nyingine pamoja na ufundi ni Sh. 100,000. Sh. 300,000 zinakwenda, zinabaki Sh. 100,000.

Mwenzake aligundua ubovu huo kabla ya kulipa, akapunguziwa Sh. 40,000 kwa kila moja ya hizo tatu. Akazifunga foku ngumu kwa Sh. 35,000 kila moja, akaziuza Sh. 175,000. Amepata punguzo la Sh. 120,000, ametumia Sh. 105,000, na bei ya kuuzia imeshuka kwa jumla ya Sh. 45,000. Faida yake ni Sh. 370,000. Tofauti ya Sh. 270,000 imetokana na ukaguzi wa dakika tano kwa baiskeli.

Hivyo, kabla ya kuagiza, mfanyabiashara amuulize fundi wake ni sili na springi za aina gani zinapatikana mjini. Foku isiyo na vipuri karibu, hata iwe ya jina kubwa, ihesabiwe kuwa itaharibika mikononi mwake, na bei ya kuinunua ipangwe hivyo.