RAMANI YA MAKAO YA CHUI

Likizo iliyopita chui aliua mbuzi wawili wa babu yangu, chini ya Mlima Hanang. Majirani walitaka kutia sumu katika mzoga. Babu akakataa, akasema, "Sumu haichagui. Itaua mbwa wetu, itaua na tai." Kisha akanigeukia: "Mjukuu wangu, wewe usomaye Jiografia, hebu niambie mnyama huyu hupita wapi." Sikuwa na jibu.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu, naye akatufundisha kazi hii ambayo kila msomaji aweza kuifanya.

Kwanza, tulichukua ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Tukaigawa kwa miraba ya sentimita 2 kila upande. Tukatia rangi: kijani msitu na vichaka, njano mashamba, nyeusi nyumba. Chui hutaka maficho na mawindo, basi tulianza kwenye kijani.

Pili, kwa idhini ya afisa misitu, tulikwenda na mwalimu kutafuta nyayo. Unyayo wa chui hauonyeshi kucha, kwa maana huzirudisha ndani atembeapo. Wa fisi na wa mbwa huzionyesha.

Tatu, tulitia alama. Hapo nilikosea: kila mraba usio na nyayo niliuandika "hakuna chui". Mwalimu akaniuliza, "Huu umeukanyaga?" Nikasema la. "Basi umejuaje? Mtu akiisadiki ramani yako, atafyeka msitu huo bila hofu." Tukaweka alama mbili: msalaba palipo na dalili, na duara tulipotafuta tusione kitu. Tusipofika tulipaacha wazi.

Misalaba ilifuata korongo moja lenye vichaka, kutoka msituni hadi nyuma ya zizi la babu. Babu alilihamisha zizi karibu na nyumba, akaliezeka juu pia, kwa kuwa chui hupanda. Sumu haikutiwa.

Mwaka 2016 chui alipandishwa daraja katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini. Wataalamu hutega kamera zinazojipiga mnyama apitapo, kisha humtambua kila chui kwa madoa yake, kwani hakuna wawili wenye madoa sawa. Lakini hata wao huanza kwa miraba, na huandika pia siku walizorudi mikono mitupu.

Mlima Hanang umesimama peke yake, mashamba yameuzunguka. Vichaka vya makorongo vikiisha, chui wake watakuwa kama wafungwa kisiwani. Ndugu zetu wa Mbulu, ninyi mlio karibu na msitu wa Nou na bonde la Yaeda, miraba yenu bado mitupu katika ramani yetu. Chukueni kalamu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu