Bunduki Ikivuka Mpaka wa Jimbo, Kodi Analipa Nani?

Marekani haina kodi ya ongezeko la thamani. Ina kodi ya mauzo, nayo ni ya majimbo, si ya serikali kuu. California huanzia asilimia 7.25, Washington asilimia 6.5, kisha kaunti na miji huongeza yao. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayatozi kodi ya mauzo ya jimbo hata senti. Tofauti hiyo huwavuta wanunuzi wa kila bidhaa, lakini anayenunua bunduki ndiye anayeshtuka zaidi akifika kaunta. Maswali haya yameletwa na wasomaji wanaoishi huko. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wateja ninaowaandalia hesabu za kodi, na nimejikita zaidi katika California na Washington kwa kuwa ndiko mengi yalikotoka.

Nimeagiza bastola ya dola 600 kwa intaneti kutoka duka la Montana. Kule hawana kodi. Duka la hapa Sacramento lililoipokea linanidai kodi, na wala si lililoniuzia. Lina haki gani?

Lina haki, na zaidi ya haki, ni wajibu wake. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kuletewa bastola moja kwa moja kutoka jimbo jingine. Duka la Montana lazima liitume kwa duka lenye leseni ya serikali kuu katika jimbo unaloishi wewe. Hapo ndipo unapojaza Fomu 4473, rekodi zako zinachunguzwa, na ukiwa California unasubiri siku 10 kabla ya kukabidhiwa.

Sasa angalia anayekukabidhi ni nani. Ni duka la Sacramento. Sheria ya kodi ya California inasema kwamba muuzaji wa nje asipokuwa amesajiliwa kukusanya kodi ya jimbo, yule aliyemo jimboni anayemkabidhi mnunuzi mali ndiye anayehesabiwa kuwa muuzaji wa rejareja. Kodi inapigwa kwa bei uliyolipa Montana, si kwa ada ndogo ya duka ya kushughulikia uhamisho. Kwa dola 600, asilimia 7.25 ni dola 43.50, na mji wako unaweza kuwa na nyongeza yake. Duka likikuonea huruma likakuachia, mkaguzi wa kodi atakuja kulidai lenyewe.

Wasomaji walioagiza gari kutoka Japani wanalifahamu jambo hili: aliyekuuzia kule hakukutoza kodi ya kwao, lakini gari halitoki bandarini Dar es Salaam au Mombasa kabla ya kulipiwa.

Hiyo "kodi ya matumizi" wanayoitaja ilitoka wapi? Inaonekana kama njia ya serikali kututoza mara ya pili.

Si mara ya pili, na historia yake inaonyesha hivyo. Miaka ya 1930, majimbo yalipoanza kutoza kodi ya mauzo, wafanyabiashara wa mipakani walilia: mteja anavuka kwenda jimbo jirani, ananunua bila kodi, anarudi na mali yake. Mwaka 1935 Washington ikatunga kodi ya matumizi ili kuziba pengo hilo, asilimia 2 kwa mali iliyonunuliwa nje na kutumiwa ndani ya jimbo. Wakandarasi waliokuwa wakijenga bwawa la Grand Coulee kwenye mto Columbia walikuwa wameagiza mitambo na vifaa kutoka majimbo mengine. Walipodaiwa, wakaenda mahakamani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1937 Jaji Benjamin Cardozo akaandika uamuzi uliowashinda. Hoja yake ni kwamba jimbo halitozi ununuzi uliofanyika kwingine. Linatoza matumizi ya mali baada ya mali hiyo kufika na kutulia. Tena aliyekwisha kulipa kodi ya mauzo katika jimbo jingine anapunguziwa kiasi hicho hicho. Mgeni na mwenyeji wanabeba mzigo sawa.

Punguzo hilo ndilo linaloifanya kodi hii kuwa ya haki machoni pangu. Ukiwa mkazi wa Washington ukanunua bunduki ndefu dukani Idaho na kulipa asilimia 6 yao, nyumbani unadaiwa tofauti tu, si kiwango chote.

Tatizo ni kwamba watu wengi hawailipi. Anayenunua kochi Oregon na kulibeba kwenye gari hadi Vancouver, Washington, anatakiwa kisheria kujaza taarifa na kulipa, lakini nani atamwona? California ina mstari wa kodi ya matumizi kwenye fomu ya kodi ya mapato, na wengi huupita bila kuutazama. Washington haitozi kodi kwenye mishahara, kwa hiyo mwananchi anatakiwa kujaza fomu ya pekee, jambo ambalo wengi hawajui hata kama lipo. Bunduki haiwezi kupita kimyakimya namna hiyo. Kochi halina namba yake ya pekee, halipiti kwa mwenye leseni, na haliandikwi kwenye daftari linalokaguliwa na serikali. Bunduki ina vyote vitatu. Ukiona kodi hii inakubana wewe na haimbani jirani yako mwenye kochi, jua kwamba wote mna deni moja. Sheria ya silaha ndiyo iliyokuwekea kaunta njiani.

Mimi muuzaji wa kule Texas alinikata kodi ya California kwenye malipo ya intaneti, na duka la hapa likanitoza tena. Nifanye nini?

Hapo umeonewa, na tatizo hili limeongezeka tangu mwaka 2018. Kabla ya hapo, uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1992 katika kesi ya Quill ulizuia majimbo kumlazimisha muuzaji asiye na duka wala ghala ndani ya jimbo akusanye kodi yao. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, mahakama hiyo hiyo ilifuta msimamo huo. Leo muuzaji mkubwa wa nje analazimika kujisajili na kukusanya: Washington inamhesabu akifikisha mauzo ya dola 100,000 kwa mwaka katika jimbo hilo, California dola 500,000. Masoko ya intaneti yanayowakutanisha wauzaji na wanunuzi nayo yamewekewa wajibu huo.

Kwa hiyo siku hizi duka linaloipokea bunduki linakutana na hali mbili zilizochanganyika: nyingine zimekwisha kulipiwa, nyingine bado. Dawa ni ankara. Chapisha ile inayoonyesha kodi kwenye mstari wake, yenye jina la muuzaji na jimbo lililotozewa, na uipeleke siku ya kwanza ya kujaza fomu, si siku ya kuchukua. Kama umekwisha kulipa mara mbili, anza na duka la mtaani: likisahihisha hesabu kabla ya kuwasilisha taarifa yake ya kipindi, linaweza kukurudishia bila mzunguko mrefu. Likishapeleka fedha serikalini, kazi inakuwa ya barua na vielelezo. Inachosha, lakini dai haki yako. Fedha hizo ni zako.

Ninaishi Vancouver, Washington. Nikivuka daraja kwenda Portland nikanunue mwenyewe?

Bastola, hapana. Hutauziwa ukakabidhiwa nje ya jimbo lako. Itatumwa kwenye duka la Washington na kodi itakungoja huko. Bunduki ndefu, sheria ya serikali kuu inaruhusu ununue kwa mwenye leseni katika jimbo jingine ikiwa sheria za majimbo yote mawili zimefuatwa, na Washington tangu 2023 imepiga marufuku aina nyingi za bunduki inazoziita za kivita, kwa hiyo uliza kwanza. Ukikabidhiwa Portland, hakuna kodi ya Oregon. Deni la Washington linabaki pale pale, nawe ndiye wa kulitangaza.

Kwenye risiti yangu ya California kuna mstari mwingine wa asilimia 11. Huo nao ni nini?

Huo si kodi ya mauzo. Ni ushuru ulioanza tarehe 1 Julai 2024 kwa sheria iliyotiwa saini na Gavana Gavin Newsom mwaka 2023. Unawekwa kwa muuzaji wa rejareja kwa bunduki, risasi na baadhi ya sehemu za kuundia bunduki, naye kwa kawaida anauhamishia kwako. Kwa bastola ya dola 600 ni dola 66. Maduka yenye mauzo chini ya dola 5,000 kwa robo mwaka hayaingii, na askari polisi walio kazini au waliostaafu hawatozwi. Fedha zinaelekezwa kwenye mfuko wa kuzuia ukatili wa bunduki na kulinda usalama wa shule. Mimi ninauunga mkono ushuru huu, nikijua wateja wangu wengine hawakubaliani nami: gharama ya majeraha ya risasi huangukia hospitali na familia, na ni sawa biashara yenyewe ikichangia.

Colorado imefuata: wapiga kura walipitisha ushuru wa asilimia 6.5 mwezi Novemba 2024, nao ukaanza Aprili 2025. Seattle inatoza maduka yake dola 25 kwa kila bunduki tangu 2016, na mahakama kuu ya jimbo iliidhinisha tozo hiyo mwaka uliofuata. Kwingine upepo unavuma upande mwingine. West Virginia iliondoa kodi ya mauzo kwenye silaha ndogo na risasi mwaka 2021, na Mississippi ina wikiendi moja ya mwisho wa Agosti ambapo kodi hiyo haitozwi.

Kuna pia ushuru usiouona kabisa. Serikali kuu hutoza mtengenezaji au mwagizaji asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na tangu sheria ya mwaka 1937 fedha hizo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo. Zimo ndani ya bei kabla hujaanza kuhesabu chochote.

Mjomba wangu wa Arizona ananipa bunduki yake bure. Na jirani yake anataka kuniuzia ya kwake.

Ya mjomba: itapitia duka lenye leseni hapa kwako, utachunguzwa, utalipa ada ya duka na ya jimbo, lakini kodi ya mauzo hakuna kwa sababu hakuna bei. Mwambie aambatanishe barua fupi inayosema ni zawadi. Urithi wa kweli, kwa wosia au kwa mgawanyo wa sheria, una nafuu zaidi: sheria ya serikali kuu inamruhusu mrithi kuupokea kutoka jimbo jingine bila kupitia duka, ila jimbo lako linaweza kuwa na fomu zake, na California inazo.

Ya jirani inategemea unakoishi. California haitozi mauzo ya mara mojamoja ya mtu asiye mfanyabiashara. Washington kwa desturi hutoza kodi ya matumizi hata kwenye kitu ulichouziwa na mtu binafsi. Lakini wapiga kura walipopitisha mwaka 2014 sheria inayotaka mauzo ya watu binafsi yachunguzwe dukani, waliziondolea kodi bunduki zinazofuata utaratibu huo. Walifanya vyema. Ungekuwa upuuzi kumwambia mtu apite mlango halali, kisha kumtoza kwa kuupita.

Nahama kutoka Texas na bunduki niliyonunua miaka mitatu iliyopita.

Uliitumia kule zaidi ya siku 90 kabla ya kuhama, kwa hiyo kodi ya matumizi haikuhusu, California wala Washington. Kwa California una siku 60 za kuripoti silaha zako kwa idara ya sheria ya jimbo. Usizipitishe. Na hakikisha kabla ya safari kwamba aina uliyonayo inaruhusiwa kule.

Duka likiniuliza bei niliyonunulia, nikitaja pungufu kidogo nani atajua?

Ni kweli Fomu 4473 haina nafasi ya bei. Lakini mwenye leseni anatakiwa kuandika kwenye daftari lake kila bunduki inayoingia: aina, namba, tarehe na ilikotoka. Mkaguzi wa kodi akiomba daftari hilo, kila mstari unataka ankara yake, na ankara ya muuzaji ndiyo ina bei halisi. Ukitaja pungufu, unamtia matatani mtu aliyekuhudumia, ambaye leseni yake ndiyo riziki yake.

Mimi ni mwanafunzi kwa viza. Binamu yangu mwenye makazi ya kudumu amesema atanunua kwa jina lake halafu anipe, kodi tutagawana.

Hapana, ndugu yangu. Kodi ni jambo dogo hapa. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kabisa kumiliki silaha Marekani, isipokuwa kwa nafasi chache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Na binamu akiandika kwenye Fomu 4473 kwamba ananunua kwa ajili yake, ilhali ni kwa fedha zako na kwa ajili yako, ametenda kosa la serikali kuu ambalo tangu 2022 linaweza kumpeleka jela hadi miaka 15, na wewe kurudishwa nyumbani. Mwambie leo kwamba umeacha. Ukipata makazi ya kudumu na bado unaitaka, nenda mwenyewe dukani kwa jina lako, na ankara mkononi.