Je, ipo damu isiyoshikwa na Ukimwi?

Msomaji, huenda swali hili limewahi kukusumbua. Hapa Machakos huja kwangu mke na mume, mmoja amepatikana na virusi vya Ukimwi na mwenzake hana, ingawa wameishi pamoja miaka mingi. "Daktari, si ni kwa sababu damu yangu ni kali?" aliniuliza mama mmoja.

Kwanza ujue jinsi mwili unavyogundua seli iliyoingiliwa na virusi. Kila seli hukatakata protini zilizomo ndani yake kuwa vipande vidogo viitwavyo peptidi, kisha huvianika nje. Kinachovishika ni protini ya kinga iitwayo HLA. Ifikirie kama kiganja chenye mfereji katikati, na kipande kimelala humo. Seli za T, ambazo ni askari wa mwili, hupita zikikagua. Zikikuta kipande cha virusi, huiua seli hiyo. Viganja hivi hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hivyo kipande ambacho mwili wangu unakionyesha, wako huenda usikionyeshe.

Umbo la mfereji huo lilionekana mwaka wa 1987 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mnamo 1996 watafiti wa Stanford na Oxford walitumia bakteria kutengeneza HLA isiyo na ule mkia unaoishikiza kwenye seli. Waliikunja pamoja na peptidi ya virusi vya Ukimwi, wakaibandika vitamini iitwayo biotini, kisha wakaunganisha nne pamoja na kuzitia rangi ing'aayo. Kwa nini nne? Moja pekee huachana na seli ya T upesi mno, nne hung'ang'ania. Hivyo iliwezekana kuhesabu, katika damu ya mgonjwa, askari wanaokitambua kipande hicho hasa.

Sasa twende Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya themanini watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba wamewafuatilia wanawake wanaouza ngono huko. Wachache hawakuambukizwa licha ya miaka mingi ya hatari. Aina fulani za HLA zilionekana zaidi kwao, na baadhi walikuwa na seli za T zinazovitambua virusi. Ni habari ya kutia moyo, lakini watu wengi huikomea hapo. Mwaka wa 2001 iliripotiwa kwamba baadhi yao waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi hiyo kwa muda. Askari walikuwepo, na bado virusi vikapita.

Kwa hivyo usiitegemee damu yako. Mwenye virusi ameze ARV kila siku; virusi vikipungua hadi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Kabla ya hapo kuna mipira ya kondomu na vidonge vya PrEP kwa asiye navyo, naye apimwe mara kwa mara.

Mama yule alitaka apimwe HLA. Nilimpima virusi, nikampa tarehe ya kurudi pamoja na mumewe.