Yajue Mabomba ya Choo Chako

Leo tutazame mabomba. Siku hizi wapo wengi vijijini wanaojenga nyumba yenye bafu na choo cha kumwagia maji ndani. Fundi akimaliza kazi huenda zake, na mwenye nyumba hubaki na mabomba asiyoyajua. Siku harufu ikianza, huziba bomba la kwanza analoliona. Na mara nyingi huziba lile lisilotakiwa kuzibwa.

Kwanza tuliweke kando bomba la maji safi. Hilo ni jembamba, la nusu inchi au robo tatu, nalo huishia kwenye koki. Tunayoyasema leo ni manene na hayana koki.

La kwanza ni bomba la maji machafu. La choo huwa la inchi 4, la bafu ni jembamba kidogo. Limelala, nalo linateremka kuelekea shimoni, kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Huna hakika? Mtu mmoja amwage ndoo ya maji chooni, mwingine afunue chemba nje atazame. Maji yakipita hapo, basi ndilo. Rangi isikudanganye, manake fundi hutumia bomba alilolikuta dukani.

La pili ni bomba la hewa. Hili limesimama wima, linapanda mpaka kupita paa, na juu lina kofia au wavu. Maji hayapiti huko juu. Sasa lina kazi gani? Chini ya choo bomba limepinda, na katika pindo hilo maji kidogo hubaki siku zote. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa chafu isirudi ndani. Ukimwaga ndoo nzima kwa nguvu, maji yanayoteremka huvuta hewa nyuma yake. Bomba la hewa likiwa wazi, hewa huingia kwa juu. Likiwa limezibwa, maji ya kwenye pindo ndiyo yanayovutwa. Utasikia choo kinakoroma, kisha harufu inajaa nyumba. Kwa hiyo aliyesokomeza tambara ili kufukuza harufu, ameikaribisha mwenyewe! Hata kiota cha ndege kinaweza kuleta shida hiyo hiyo.

Lakini bafu lisilotumika kwa wiki nyingi nalo hunuka, kwa kuwa maji ya kwenye pindo yamekauka. Hapo mwaga maji kidogo tu.

La tatu ni mdomo wa kuzibulia. Ni kipande kifupi cha bomba kinachochomoza ardhini karibu na ukuta, chenye mfuniko wa kuzungusha kama wa chupa. Wengine huufukia kwa saruji wakidhani hauna kazi. Bomba likiziba, hao watavunja sakafu. Ukiufungua, simama pembeni na ulegeze polepole, maana uchafu uliojaa unaweza kuruka. Ukimaliza, nawa kwa sabuni.

Shimo lenyewe msiingie kamwe, hata kama simu imetumbukia. Hewa yake huua mtu kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa hufa naye. Wala msimulike kwa kibatari au kiberiti, kwani hewa hiyo hushika moto. Tumieni tochi, nanyi mkae nje.